Vichezeo vya Utoto Mikononi mwa Watu Wazima

Mwaka wa 1889, mwezi wa tano, wafanyakazi walikuwa wakichimba msingi wa jumba kubwa la mahakama katika mji wa Roma, ng'ambo ya mto Tiber. Wakafikia masanduku ya mawe, ya namna ile ambayo watu wa kale walizikiwa ndani yake. Juu ya moja liliandikwa jina la msichana: Crepereia Tryphaena. Walipoinua kifuniko waliona sanduku limejaa maji safi, na chini ya maji marehemu alionekana kama mtu mwenye nywele ndefu zinazoelea. Habari ikaenea upesi mjini, na makundi ya watu wakaja kutazama zile nywele za ajabu. Kumbe hazikuwa nywele. Zilikuwa majani membamba ya majini yaliyoota juu ya fuvu la kichwa. Aliyetueleza hayo ni Rodolfo Lanciani, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyekuwa na kazi ya kuangalia machimbo ya Roma siku zile.

Binti huyo alizikwa na mapambo yake: vipuli na mkufu wa dhahabu, pete iliyochorwa jina Filetus, na kichwani taji la majani ya mhadasi. Lakini kitu kilichowagusa watu kuliko dhahabu kililala kando ya bega lake. Kilikuwa mwanasesere wa pembe, kimo chake kama shubiri moja, amechongwa vizuri sana, na viungo vyake vyakunjika mabegani, viwikoni, nyongani na magotini. Nywele zake zimesukwa kama walivyosuka wake wa makaisari kwenye miaka ya 150 hivi baada ya Kristo. Ndivyo wataalamu walivyojua wakati wa mazishi. Kidoleni amevaa kijipete chenye kifunguo kidogo, kama mama mwenye nyumba anayetunza sanduku lake. Leo mwanasesere huyo yuko Roma, katika jumba la makumbusho liitwalo Centrale Montemartini, na yeyote anaweza kwenda kumtazama.

Mifupa ilionyesha kwamba Crepereia alikuwa na umri wa miaka kama 20. Basi, ndugu wasomaji, hapo ndipo swali letu linapoanzia. Sheria ya Waroma iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 12, na wengi waliolewa kabla ya kufika 20. Msichana wa umri huo alikuwa na haja gani na mwanasesere?

Tena yafaa kujua kwamba Waroma walikuwa na desturi juu ya jambo hili. Msichana alipokaribia kuolewa, aliwachukua wanasesere wake akawatolea miungu, hasa Venus, au miungu ya nyumbani. Mvulana naye alipoingia utu uzima alivua ile hirizi ya shingoni iliyoitwa bulla, akaitundika mbele ya miungu ya nyumba yao. Wayunani walifanya vivyo hivyo: yuko binti mmoja wa Kiyunani, jina lake Timareta, anayesimuliwa katika mashairi ya kale kwamba kabla ya arusi yake alimpelekea Artemis ngoma yake, mpira wake na wanasesere wake pamoja na nguo zao. Kwa hiyo watu hao hawakutupa vichezeo jalalani. Waliviaga. Utoto ulikuwa na mlango wake wa kutokea, na mtu alipopita mlangoni aliacha kitu nyuma yake.

Waliosoma Kilatini kidogo watakumbuka neno pupa. Maana yake ni mwanasesere, na maana yake tena ni msichana mdogo. Neno moja kwa vyote viwili. Kutoka huko Wafaransa walipata neno lao, nasi katika miji yetu tunasema pupe bila kujua kwamba tunasema Kilatini.

Crepereia hakupita mlango ule. Wengi wa siku zile walifikiri alikuwa mchumba wa huyo Filetus wa kwenye pete, akafa kabla ya arusi, na kwa hiyo mwanasesere hakutolewa kwa Venus bali alikwenda naye kaburini. Huenda. Lakini sisi twaona jambo moja ambalo halihitaji kubuniwa: aliyekufa hajiwekei kitu kaburini. Mkono uliomlaza mwanasesere kando ya bega lile ulikuwa wa mama, au wa yaya, au wa dada. Nao hawakufikiri juu ya mchezo. Walimkumbuka mtoto aliyekuwa akicheza, na kitu kilichowakumbusha zaidi, kupita pete ya mchumba, ni kile kilichokuwa mkononi mwake alipokuwa mdogo.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya watu wenye pembe za ndovu na mafundi wa kuzichonga. Kwetu mtoto hujitengenezea mwenyewe. Ni kweli. Katika vijiji vyetu msichana huchukua gunzi la muhindi lenye nyuzi zake, akazisuka kama nywele, akalibeba mgongoni kwa kitambaa. Mwingine hufinyanga udongo wa mtoni. Wavulana hufunga majani makavu ya migomba kwa kamba hata yawe mpira. Na huko Katanga, na mahali pengi pa Afrika, hukunja nyaya wakapata gari zima lenye usukani mrefu wa kuendeshea wakiwa wamesimama. Vitu hivi havikai. Gunzi huliwa na mchwa, udongo hupasuka, mpira wa majani hufa kwa mvua ya kwanza. Ndiyo sababu mzee wa kwetu akiulizwa kichezeo chake cha utoto kiko wapi hucheka. Lakini mwulize jinsi alivyokitengeneza, utaona mikono yake inaanza kukunja waya ambao haupo.

Hata hivyo si kweli kwamba Afrika haikutunza. Wazaramo, watu wa pwani ya Tanzania karibu na Dar es Salaam, wana kitu kiitwacho mwana hiti, yaani mtoto wa mti. Ni kijiti kilichochongwa, kiwiliwili chake cha duara bila mikono, kichwa chake kina nywele zilizosimama. Msichana anapovunja ungo na kuwekwa ndani, hupewa mwana hiti. Humwogesha, humpaka mafuta, humtunza kama mtoto. Akitoka, mwana hiti harudi jalalani. Hubaki na ukoo, na siku nyingine hupewa binti mwingine. Sura ile ile ilichongwa pia juu ya viti, juu ya fimbo za wakubwa, na juu ya nguzo za makaburi. Mtu atasema huyo si kichezeo, ni kitu cha unyago. Nasi hatubishani naye. Lakini mtoto wa mti anayepakatwa na kupitishwa kutoka kwa shangazi hata kwa mpwa ni ndugu wa karibu sana wa yule wa pembe aliyelala Roma, na wote wawili wamefika makaburini.

Sasa tuje kwenye vichezeo vya siku hizi, vile vinavyotoka dukani, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyofanya watu wazima wa Ulaya na Marekani kuwa watunzaji wakubwa. Kinachojulikana kupita vyote ni dubu. Dubu ni mnyama ambaye nchi yetu haina: mkubwa, mwenye manyoya mazito, ana nguvu za kumwua mtu kwa kofi moja. Kwa nini watoto wapewe mnyama wa namna hiyo kulala naye? Historia yake inachekesha kidogo. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1902 Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Hakupata kitu. Wenzake wakamkamata dubu mmoja, wakamfunga kwenye mti, wakamwita Rais aje ampige risasi. Akakataa, akisema si uungwana wa mwindaji. Mchoraji Clifford Berryman akaichora habari hiyo gazetini, na huko Brooklyn mwenye duka Morris Michtom na mke wake Rose wakashona dubu wa kitambaa wakamwita kwa jina la Rais, Teddy. Karibu wakati ule ule, katika mji wa Giengen huko Ujerumani, kiwanda cha Margarete Steiff nacho kilitengeneza dubu wa manyoya. Aliyemchora ni Richard, mtoto wa ndugu yake. Mama huyo Margarete alipooza tangu utoto, akaishi maisha yake yote katika kiti cha magurudumu, na kazi yake ya vichezeo ilianza mwaka wa 1880 kwa tembo mdogo aliyemshona awe kichomekeo cha sindano. Watoto walimnyang'anya tembo huyo wakaenda kucheza naye, sindano zikasahauliwa.

Tusimsifu Rais kupita kiasi. Yule dubu wa Mississippi alikuwa ameumizwa sana, na Roosevelt mwenyewe akaamuru achinjwe kwa kisu. Tena mwanzo wa mwaka wa 1910 alifika huku kwetu, katika nchi ya Lado kando ya Nile, iliyokuwa bado mikononi mwa utawala wa Kongo, akapiga vifaru weupe bila kuwahurumia. Kwao hakuna aliyewashona wa kitambaa.

Dubu mmoja kati ya maelfu hao alinunuliwa London mwaka wa 1921, katika duka la Harrods, kwa ajili ya mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Mtoto aliitwa Christopher Robin Milne. Baadaye alipewa na wanyama wengine wa kushonwa: punda, nguruwe mdogo, kangaruu na mtoto wake, na chui milia. Baba yake, A. A. Milne, alikuwa mwandishi, na kutokana na vichezeo hivyo akatunga vitabu viwili vya hadithi, cha kwanza mwaka wa 1926 na cha pili mwaka wa 1928. Dubu akaitwa Winnie-the-Pooh. Jina Winnie lilitoka kwa dubu wa kweli aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya London. Daktari wa mifugo wa jeshi la Kanada, Harry Colebourn, alimnunua akiwa mtoto mwaka wa 1914, akamfikisha Uingereza wakati wa vita, naye alikuwa mpole hata watoto waliruhusiwa kumkaribia. Vitabu vikasomwa dunia nzima. Mtoto Christopher, aliyetiwa ndani ya hadithi kwa jina lake halisi, akawa maarufu kabla hajaulizwa kama anataka.

Je, alifanya nini na dubu wake alipokuwa mtu mzima? Hapa wengi watashangaa. Hakumtunza. Mwaka wa 1947 vichezeo vilipelekwa Marekani na kampuni iliyochapa vitabu huko, vikatembezwa mji kwa mji, na havikurudi tena. Mtoto wa kangaruu hakuwamo, maana alikuwa amepotea miaka mingi nyuma katika shamba la matunda. Mwaka wa 1987 vyote vilivyobaki vikapewa maktaba kuu ya mji wa New York, na huko viko hata leo, ndani ya kioo. Christopher mwenyewe alikuwa amekwenda vitani, akajeruhiwa Italia, akarudi, akaoa, na tangu mwaka wa 1951 akafanya duka la vitabu katika mji mdogo wa Dartmouth. Walipomwuliza kama hawasikitikii wanyama wake, alijibu kwa upole kwamba anapenda kuzungukwa na vitu anavyovipenda sasa, si vile alivyovipenda zamani. Shuleni wenzake walikuwa wamemdhihaki sana kwa ajili ya hadithi zile. Kwake yeye dubu yule alikuwa amekwisha kuchukuliwa siku nyingi, hata kabla ya kupanda meli.

Basi ni nani aliyevililia vichezeo hivyo? Wageni. Mwaka wa 1998, miaka miwili baada ya Christopher kufariki, mbunge mmoja wa Uingereza, Bibi Gwyneth Dunwoody, alidai virudishwe kwao, na maneno yakafika hata kwa wakubwa wa serikali za nchi mbili. New York ikakataa. Mwaka wa 2016 vilirudi mahali pake baada ya mafundi kuvishughulikia kwa uangalifu, wakivisafisha na kushona palipochanika, kama watu wanavyotengeneza picha za kanisani za kale. Thamani yote hiyo ilitoka wapi? Si katika kitambaa. Wala si kwa mwenyewe, maana mwenyewe alikwisha kusema hapana. Ilitoka kwa mamilioni ya watu ambao kila mmoja alikuwa na dubu wake nyumbani, au alisomewa na mama yake, na mama huyo hayupo tena.

Mwingereza mwingine alichagua njia tofauti kabisa. John Betjeman, mshairi, alizaliwa mwaka wa 1906. Alikuwa na dubu aliyemwita Archibald Ormsby-Gore, akaenda naye hata chuo kikuu cha Oxford, na vijana wenzake wakacheka. Rafiki yake Evelyn Waugh, mwandishi aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka wa 1930, alimchukua dubu huyo akamtia katika kitabu chake cha mwaka wa 1945, Brideshead Revisited, akampa jina Aloysius, jina la mtakatifu msimamizi wa vijana. Mwaka wa 1972 Betjeman alifanywa mshairi wa malkia, cheo kikubwa katika nchi yao. Hakumficha dubu. Alikufa mwaka wa 1984, na mikononi mwake walikuwamo wawili: Archibald na tembo wa kitambaa, Jumbo. Miaka 77 si umri wa utoto.

Tukiwalinganisha watu hawa wawili, nani alikuwa mtu mzima? Sisi twasema wote. Aliyeacha aliacha kwa sababu alijua kitu chake kimekwisha kuwa cha wengine. Aliyeshika alishika kwa sababu hakuona aibu juu ya jambo lililomfariji. Mtoto ni yule anayeshika kwa kuogopa kuchekwa na kuacha kwa kuogopa kuchekwa.

Yuko daktari wa watoto wa London, Donald Winnicott, aliyeyachungua mambo haya akayasoma mbele ya wenzake mwaka wa 1951. Aliona kwamba watoto wengi wachanga huchagua kitu kimoja, kipande cha blanketi au kichezeo laini, nao hawawezi kulala bila hicho. Akasema kitu hicho kinakaa katikati: si mama, wala si kitu cha kawaida cha nje, ni daraja ambalo mtoto hupita akijifunza kukaa peke yake. Mama mwenye akili hakifui, hata kikinuka, maana harufu ile ndiyo kamba. Tena aliona kwamba siku mtoto anapokua, kitu hicho hakitupwi kwa hasira wala hakiliwi matanga. Hukaa pembeni, kikapoa polepole. Maneno haya yanatufaa, ingawa mama zetu hawakumngojea daktari awaambie. Mtoto wa kwetu hulala mgongoni, si na blanketi. Lakini mama akisafiri, atatafuta kitenge cha mama.

Kuna wanaotuletea maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, pale anaposema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Wanayatumia kama fimbo. Lakini someni sura yote: Paulo asema juu ya kunena, kufikiri na kujua kwa kitoto, tena ndani ya sura inayohusu mapendo. Hakuwa akipekua masanduku ya watu. Na huko Lisieux, Ufaransa, katika nyumba ya Les Buissonnets, hata leo vimewekwa vichezeo vya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefiwa na mama mwaka wa 1877 akiwa na miaka 4. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi dada yake Léonie, alipojiona amekuwa mkubwa mno kwa wanasesere, alivyowaletea wadogo zake kikapu cha nguo za wanasesere na vipande vya vitambaa, mwanasesere wake amelala juu, akawaambia wachague. Céline alichukua kitu kidogo tu. Teresia akachukua kikapu kizima. Léonie alifanya kama Timareta wa Wayunani, ila zawadi yake haikwenda kwa Artemis, ilikwenda kwa wadogo zake. Twaona ni bora hivyo.

Mpaka hapa tumesema juu ya watu waliokuwa na nafasi ya kuchagua. Wapo ambao hawakuchagua. Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1938 hata vita vilipoanza mwezi wa tisa 1939, watoto karibu 10,000, wengi wao Wayahudi, walitolewa Ujerumani, Austria na nchi jirani wakapelekwa Uingereza kwa gari la moshi na meli, bila wazazi wao. Walikubaliwa mzigo mdogo tu, na vitu vya thamani vilikatazwa. Mama alifunga kisanduku: nguo, picha, na mara nyingi mwanasesere au dubu. Wengi wa wazazi hao waliuawa, na watoto hawakuwaona tena. Baadhi yao walivitunza vichezeo vile miaka 50, miaka 60, wakavipeleka kwenye majumba ya makumbusho walipokuwa wazee, maana hawakujua watamwachia nani. Kitu cha kitambaa kilichochakaa, bei yake sokoni si kitu. Lakini mkono wa mwisho uliokigusa kabla ya mtoto kukipokea ulikuwa wa mama yake. Walinzi wa mpakani walitafuta dhahabu, wakaiacha thamani ipite.

Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana juu ya mizigo midogo. Tumekimbia mwaka wa 1996, tumekimbia 1998, na mara nyingine ambazo hatuzihesabu. Mama hubeba sufuria, mkeka, jembe na mtoto. Hakuna mahali pa mchezo. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 mlima Nyiragongo ulipopasuka, mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, ukala hata kanisa kuu. Watu maelfu kwa maelfu walikimbilia Gisenyi. Waliporudi, wengine walikuta nyumba zao ziko chini ya mwamba mweusi ambao ulikuwa bado unatoa moshi. Hapakuwa na kitu cha kufukua.

Wasomaji wa mbali labda hawajui chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, cha kusukuma na kupanda, ambacho kwacho watu wa Kivu ya Kaskazini hubeba viazi, kabichi, makaa na magunia ya kila namna. Huko Goma imesimamishwa hata sanamu yake kubwa yenye rangi ya dhahabu. Na mahali penye chukudu za wakubwa, wavulana wana chukudu zao ndogo za kuchezea.

Yuko mtu mmoja tunayemjua, mwuza viazi, baba wa watoto watatu. Ana chukudu ndogo namna hiyo, urefu wake haufiki mita moja, iliyochongwa na baba yake mwaka mmoja kabla ya mlima kupasuka. Siku ile ya 2002 aliikokota mpaka Gisenyi, bidoni ya maji imefungwa juu yake. Nyumba ikazikwa, picha zikaungua, na miaka michache baadaye baba naye akafa kwa homa. Katika mambo yote ya nyumba ile kilichobaki ni chukudu hiyo. Ameitundika ukutani chumbani, na mara kwa mara huipaka mafuta.

Mke wake alitushitakia. Chumba ni kidogo, mvua inanyesha, makaa yamepanda bei. "Mwalimu, mwambie Baba watoto kile ni kikuni tu. Majirani wanauliza kama nimeolewa na mtoto." Wazee wawili waliokuwa wamekaa pale wakacheka, na mmoja akasema kwamba siku zao mwanamume alitundika mkuki.

Tulimwuliza mama yule swali moja tu: kitenge alichofungiwa na mama yake siku ya arusi kiko wapi? Akanyamaza. Kiko chini ya sanduku, hakivai, hakiuzi. Hatukuongeza neno, wala hatukumwambia mume wake kitu.

Lakini shauri halikuishia hapo, maana wa tatu wao, mvulana wa miaka mitano, alianza kulia kila siku akitaka kushushiwa chukudu acheze. Hapo ndipo yule baba alipopata taabu ya kweli. Akiishusha, itavunjika, barabara zetu ni za mawe ya mlima, na mtoto wa miaka mitano hana huruma. Akiiacha ukutani, mtoto atakua akiitazama kama watu wa New York wanavyotazama dubu kwenye kioo, na mkono wa babu yake hataujua. Alikaa na jambo hilo miezi miwili. Mke wake, yeye yule aliyetaka kuipasua, ndiye sasa aliyesema isishushwe.

Aliishusha jumapili moja baada ya misa. Gurudumu la mbele limekwisha kupasuka, na fundi wa Birere anachonga lingine.